Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Jina

Mwaka 1973, mjini Sydney, ndugu wawili wapiga gitaa, Malcolm na Angus Young, walikuwa wakiunda bendi. Dada yao Margaret akaziona herufi AC/DC kwenye cherehani, akawapa ziwe jina. Kwenye cherehani herufi zile zilieleza aina ya umeme tu. Vijana wale wakazipenda, wakazichukua, na zaidi ya nusu karne baadaye bado zinavaliwa kwenye fulana na watu ambao hawatafika Australia maishani mwao. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hakuna katibu aliyeandika muhtasari, wala mwenyekiti aliyepitisha.

Visa vya namna hii ni vingi katika historia ya muziki wa roki, na aghalabu husimuliwa kwa ajili ya kuchangamsha mazungumzo. Mimi naviona vina uzito zaidi ya hapo. Kinachonishughulisha si mahali jina lilipookotwa, bali ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuliokota. Nikiyapanga pamoja majina ya bendi za Ulaya na Marekani, za Dar es Salaam, za Zambia na za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kila mara narudi kwenye jambo moja: jina la bendi humfuata mwenye vyombo. Gitaa likiwa la mpigaji, jina hutoka kwenye maisha ya mpigaji. Gitaa likiwa la chama, la shirika au la mwenye baa, jina hutoka ofisini au kaunta.

Tuanze na Liverpool. Mwaka 1956 John Lennon na wanafunzi wenzake walianzisha kikundi wakakiita Quarrymen, kwa kuwa shule yao iliitwa Quarry Bank. Muziki uliokuwa umewashika vijana wa Uingereza wakati huo, ambao Lonnie Donegan ndiye aliyeuvumisha, haukuhitaji pesa nyingi. Besi ilikuwa sanduku la mbao la kusafirishia chai, fimbo ya ufagio na kamba moja. Mdundo ulipatikana kwa kukwaruza ubao wa kufulia nguo. Mtu wa Kyela hahitaji kuchorewa picha ya besi hiyo: ukivuka mto Songwe ukaingia Malawi, ndugu yake anaitwa babatoni, na yuko kazini hadi leo. Waliotaka gitaa la kweli wengi walilinunua kwa mkopo, wakalilipa kidogo kidogo. Kwa hiyo wamiliki wa bendi walikuwa vijana wa shule wenyewe. Hawakuwa na fedha wala mtu mkubwa wa kuwashika mkono, lakini jina lilikuwa lao, na walilibadili kila walipojisikia. Wakapitia Johnny and the Moondogs, wakapitia Silver Beetles, mpaka mnamo Agosti 1960 wakatulia kwenye Beatles, jina la mdudu lililofuata nyayo za Crickets, bendi ya Buddy Holly waliyokuwa wakiihusudu.

Wengine nao waliokota karibu. Syd Barrett alichukua majina ya wapiga bluzi wawili weusi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council, akayaunga, ikawa Pink Floyd. Mwaka 1962 Brian Jones na wenzake walichukua jina kutoka kwenye wimbo wa Muddy Waters wakawa Rolling Stones. Huko Jacksonville, Florida, vijana waliokuwa wakisumbuliwa shuleni kwa sababu ya nywele ndefu walimchukua mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, wakazivuruga irabu za jina lake, wakaitwa Lynyrd Skynyrd. Radiohead, kabla hawajawa Radiohead, walijiita On a Friday kwa sababu mazoezi yao yalikuwa Ijumaa. Kila jina hapo lilikuwa umbali wa mkono: santuri iliyokuwa nyumbani, mwalimu aliyekuwa darasani, siku ambayo chumba cha mazoezi kilikuwa wazi.

Kisa kinachonionyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha The Who. Walikuwa wakijiita Detours, wakagundua kuna bendi nyingine yenye jina hilo, wakawa The Who mwaka 1964. Mwaka huohuo msimamizi wao akaona jina haliuzi kwa vijana wa mitindo wa London, akawageuza wakawa High Numbers. Santuri waliyotoa kwa jina hilo haikwenda popote. Wakarudi kwenye jina walilolipata wenyewe, katika mazungumzo ya rafiki na rafiki, na dunia ikawajua kwa jina hilo. Msimamizi alikuwa na hesabu zake sahihi za soko. Alichokosa ni kwamba jina lile halikuwa limekaa midomoni mwa wapigaji wenyewe.

Na hapa Mtanzania ana sehemu yake, ingawa hatuisemi vya kutosha. Mwaka 1970 kundi moja la London lililokuwa likiitwa Smile lilipata mwimbaji mpya. Kijana huyo alikuwa amezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akaondoka na familia yake mwaka 1964. Wenzake walikuwa na mapendekezo yao ya jina. Yeye akasimama na Queen, akashinda, kisha akachora mwenyewe nembo ya bendi, maana alikuwa amesomea uchoraji wa matangazo. Jina lake binafsi nalo akalikamilisha: Freddie Mercury. Mgeni ndiye aliyeita, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu ile ilikuwa bendi ya marafiki, kila mmoja na sauti yake, bila bosi juu yao wa kuwaambia jina limeshaandikwa kwenye spika.

Sasa tuje kwetu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, mishahara ya chama, jina la chama. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi Jazz na Mwenge Jazz, majeshi. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilichukua jina la baa, kisha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam likaishika, herufi DDC zikawekwa mbele. Kongo walikuwa wameshapita njia hiyohiyo: O.K. Jazz ya mwaka 1956 ilibeba jina la O.K. Bar, baa ya Oscar Kashama. Hata Super Matimila, bendi ambayo leo hatuwezi kuitaja bila Remmy Ongala, ilibeba jina lililotokana na mfanyabiashara aliyemiliki vyombo, si jina la Remmy.

Siwalaumu walioipanga hali hiyo. Gitaa la umeme, amplifaya na spika vilitoka nje na vilihitaji fedha za kigeni. Mpiga solo wa kawaida angeviota tu. Mashirika yalivinunua, yakawalipa wanamuziki mshahara wa mwezi, na nyimbo zikarekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Familia zililishwa, watoto walisomeshwa. Hazina yetu ya dansi ya miaka ya 1970 na 1980 isingekuwepo bila mkono ule. Ninachosema ni kwamba mkono ule uliponunua magitaa ulinunua na jina.

Lakini wanamuziki wale hawakukubali kunyang'anywa haki ya kuita kitu chao. Waliihamisha. Wakaitoa kwenye jina la bendi wakaipeleka kwenye mtindo, na hapa ndipo naona ubunifu mkubwa kuliko hata ule wa kina Barrett. Western Jazz walikuwa na Saboso. Polisi walikuwa na Vangavanga. Maquis walikuwa na Kamanyola. NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani wakawa na Sikinde. Mwenye vyombo aliandikwa kwenye mkataba na kwenye bango, ila jukwaani mwimbaji alitaja mtindo, na mpenzi wa muziki aliyelipa kiingilio alitoka ukumbini na mtindo kinywani. Msondo na Sikinde ni ngoma za asili zilizokuwepo kabla ya gitaa la umeme kufika nchini. Walipopata nafasi ya kuchagua wenyewe, wanamuziki wale walichagua kitu cha nyumbani ambacho mwili wa mchezaji ulikuwa unakijua tayari.

Tazama kilichofuata. NUTA imekwenda. JUWATA imekwenda. OTTU haiko tena mbele ya jina la bendi yoyote. Msondo umebaki, na sasa ndilo jina kamili la bendi yenyewe: Msondo Ngoma. Wamiliki watatu wamepita juu ya jina hilo nalo likabaki chini yao likipumua. Kwa Mlimani ni hivyohivyo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Orchestra Safari Sound, aliwachukua nyota wa Mlimani, wakiwemo Muhiddin Maalim, Hassan Bitchuka na Abel Baltazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Waliondoka na sauti zao, ambazo nchi nzima ilizitambua, lakini Sikinde haikuondoka nao. Huko walikokwenda walilazimika kutafuta mtindo mpya, Ndekule. Sikinde ikaendelea na waimbaji wengine, na wapenzi wakaendelea kuiita hivyo. Kizazi kilichofuata kilirudia somo hilo bila kufundishwa: watu wachache husema African Stars, wengi husema Twanga Pepeta. FM Academia ni ya kwenye karatasi, mitaani ni Wazee wa Ngwasuma.

Nimesema nitafika Zambia, na kwa mtu wa Mbeya Zambia si nchi ya mbali. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, na inapita Makambako na Mbeya kabla ya kuvuka mpaka Tunduma. Miaka hiyohiyo vijana wa miji ya migodi ya shaba walikuwa wakipiga roki ya kwao, yenye magitaa makali na lugha mchanganyiko, ambayo leo wasikilizaji wa dunia nzima wanaitafuta kwa jina la Zamrock. Angalia majina. WITCH, herufi za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha tumekusudia kuleta vurugu. Amanaz, herufi nyingine zinazokutaka uwaulize habari za wasanii wazuri wa Zambia. Musi-O-Tunya, maporomoko ya mto Zambezi. Ngozi Family, jina la mpiga gitaa wao Paul Ngozi. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Humo muna ujana, muna kujigamba, muna kumwiga mtu wa mbali na kutaja cha nyumbani kwa pumzi moja. Hakuna hata jina moja hapo linalosomeka kama barua ya serikali.

Sisi nasi tulikuwa na wa kwetu wa namna hiyo, wachache. Patrick Balisidya alikuwa na Afro 70. Sunburst, vijana wa Dar es Salaam waliochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, walitoa albamu yao mwaka 1976, na waliirekodi Zambia. Sunburst na Afro 70 ni majina yaliyochaguliwa na wapigaji, na yote mawili yanaonyesha wazi vijana wa muongo ule walivyojiona.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba kujiita wenyewe ni desturi ya wazungu na kwamba huku tumezoea kuitwa. Historia haimuungi mkono. Kabla ya magitaa kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ikasambaa Tanganyika kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Makundi yake mawili makubwa, Marini na Arinoti, yalikuwa na matawi katika miji mingi, yakiwa na wafalme, magavana na makapteni wao, na yalishindana vikali. Mwanahistoria Terence Ranger aliyafuatilia kwa kina. Kandokando ya Ziwa Nyasa damu ya ngoma hizo bado inaonekana kwenye mganda wa wanaume, wenye sare nyeupe na hatua za gwaride, na kwenye kihoda cha akina mama. Ng'ambo, Malawi, kundi la malipenga, ngoma ya ukoo huohuo, huitwa boma. Beni na mganda ni ngoma zilizosimama kwa michango: wanachama walichanga, wakanunua ngoma na sare, na vyeo na majina wakapeana wenyewe. Vyombo vyao, majina yao. Kwa hiyo desturi ya kuitwa na ofisi ni ya juzi. Ile ya kujiita ni ya zamani zaidi.

Ndiyo maana hali ya leo ya Mbeya na Iringa inanikera, na nasema hivyo kwa sababu naipenda mikoa hii na naamini ina wapigaji. Chuo kikubwa cha gitaa na kinanda huku kwetu ni kwaya. Kwa Wamoraviani, kwa Walutheri, kwa Wakatoliki, kwa Wapentekoste, kijana anashika besi akiwa na miaka kumi na kitu, anafundishwa na mkubwa wake, anapiga kila Jumapili mbele ya watu. Hakuna bendi ya Liverpool iliyopata mazoezi ya uhakika kuliko hayo. Kwaya inaitwa kwa usharika wake, parokia yake au mtaa wake, na ni sawa kabisa, maana kwaya ni ya usharika na vyombo ni vya usharika. Tatizo linaanza vijana walewale wanapotoka na kuunda kikundi chao. Wanabeba mazoea ya kwamba jina ni anwani. Wanatafuta jina linalosema wako mji gani, wanafanya kazi gani, na wanakaribisha shughuli gani: harusi, mahafali, mikutano.

Na wanaopata kazi hotelini au baa wanakutana na jambo lilelile kwa mlango mwingine. Mwenye ukumbi ana spika, ana mashine ya kuchanganyia sauti, pengine ana hata drums. Bendi inabatizwa jina la ukumbi, inapiga kopi za nyimbo za watu kila wikiendi, na siku mwenye ukumbi akiona di-jei mmoja ni nafuu kuliko watu saba, bendi inafutika pamoja na jina. Hakuna anayelia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na jina hilo kama lake.

Lakini hesabu ya vyombo imebadilika, na hapo ndipo ninapotaka vijana wa Uyole, Iyunga, Kihesa na Ipogolo wasimame wafikiri. Leo gitaa la mtumba linapatikana. Kompyuta ndogo na kipaza sauti kimoja vinafanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio ya redio ya taifa. Waimbaji wa bongo fleva waliona hili mapema, maana chombo chao ni sauti, na sauti haihitaji mwenye ukumbi. Wakajiita walivyotaka. Raymond Mwakyusa wa hapa Mbeya akajiita Rayvanny, na dunia ikamfuata kwa jina hilo. Wapiga vyombo ndio waliochelewa. Umiliki umeanza kuwarudia mikononi, majina yao bado yanasikika kama wanamwomba mtu ruhusa.

Sina ugomvi na Kiingereza kwenye jina. Beatles wenyewe walianza kwa kuiga, Jagari aliiga, na kuiga mtu unayemhusudu ni namna ya kweli ya kuanza. Ninachokikataa ni jina linaloweza kubandikwa kwa bendi yoyote, kuanzia Sumbawanga hadi Mafinga, lisibadilishe kitu. Super hii, Classic ile, Sound, Stars, Musica. Majina hayo hayaigi mtu fulani. Yanaiga bango.

Wala dawa yake si kukimbilia mlima. Najua atakayesoma hapa atawaza Loleza, Rungwe au Gangilonga. Ni mahali pazuri, na kama bendi ina sababu yake, iuchukue mlima wake. Lakini mlima ni jina ambalo hata kamati ingelichagua, na limeshachukuliwa na shule, maduka na mitaa. Wale ndugu wa Sydney hawakujiita kwa daraja la Sydney. Waliangalia cherehani ya dada yao. Kitu cha ukubwa huo kiko tele huku: maandishi ya kwenye mashine ya kusaga, jina la utani la mwalimu wa zamu, kelele anayoipiga konda wa daladala ya kwenda Uyole, ubaridi wa Makete, treni inayopita usiku watu wakiwa mazoezini, ulanzi uliozidi siku, ngoma ya lizombe aliyoicheza bibi, ligombo ambalo mzee wa Kihehe alilipiga kwa vidole na sasa vijana wachache wanalijua hata kwa sura. Jina la kweli mara nyingi lina aibu kidogo ndani yake, kwa sababu linafichua mlikotoka. Aibu hiyo huisha baada ya shoo ya tatu. Jina linabaki.

Msiogope pia kulibadili mapema. Kundi lililokuja kuwa Radiohead liliacha jina la Ijumaa mwaka 1991 liliposaini mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi. Black Sabbath waliitwa Earth kwanza, wakakuta kuna wengine wanaoitwa hivyo na wanachanganywa nao, na mwaka 1969 wakachukua jina la filamu ya kutisha iliyotolewa mwaka 1963. Chicago walitoa albamu yao ya kwanza kwa jina refu la mamlaka ya usafiri wa jiji lao, mamlaka ikatishia kwenda mahakamani, wakalikata. Nirvana ya Kurt Cobain ilikutana na Nirvana nyingine ya Uingereza ya miaka ya 1960, wakamalizana kwa makubaliano. Siku hizi kuchanganywa kunatokea haraka zaidi. Kikundi kikijiita Upendo, Tumaini au Sayuni, msikilizaji akiandika neno hilo kwenye YouTube atapewa kwaya za nchi nzima, na yenu ataipata ya mwisho au asiipate kabisa. Kabla ya kuchapisha fulana, litafuteni jina kwenye intaneti, mkaulize na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama limeshaandikishwa.

Uandikishaji wenyewe ndio mahali ambapo suala la mwenye vyombo linarudi na kukaa mezani. Msanii au kikundi hujisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa. Jina la biashara na alama ya biashara ni kazi ya BRELA. Haki za nyimbo ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Katika kila ofisi kati ya hizo kuna fomu, na kwenye fomu kuna nafasi ya jina la mwombaji. Bendi nyingi humtuma mmoja, aghalabu yule mwenye nauli au mwenye spika, na yule mmoja hujaza jina lake. Hana nia mbaya. Miaka mitano baadaye kukitokea ugomvi, karatasi inasema bendi ni yake. Pink Floyd, wenye mawakili na fedha, waligombana kuhusu hilo: Roger Waters aliondoka mwaka 1985, akaenda mahakamani mwaka 1986 akitaka jina lisitumike tena, na mwaka 1987 wakaelewana kwamba wenzake wabaki nalo. Kama watu wale walihitaji majaji, vijana watano wa Mafinga wasiokuwa na wakili wanahitaji karatasi moja iliyoandikwa kabla ya shoo ya kwanza.

Karatasi hiyo inaweza kuandikwa kwa mkono, kila mmoja akasaini, mzazi au mzee wa kanisa akashuhudia. Iseme spika zimenunuliwa na nani na kwa kiasi gani, na anayezidai atalipwaje. Iseme mwimbaji akihamia Dar es Salaam jina linabaki na nani, na akirudi anarudi kama nani. Iseme mkopo wa gitaa ukilipwa kwa fedha za harusi tatu, gitaa ni la mpigaji au la wote. Na kwenye fomu ya BRELA yaandikwe majina ya wanachama wote, hata yule mpiga tumba aliyejiunga wiki iliyopita.